Kijitu kile, mtoto yule

Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye mwembe, maandishi ya chaki: LEO SAA 8. WATU NYANI. STERINGI BURT. WATOTO SH. 50. Ilikuwa Desemba 1996, shule zimefungwa, pale Mwanga, Kigoma mjini. Mimi nilikuwa na miaka 12, na mfukoni nilikuwa na shilingi 50 ambayo bibi alinipa nikanunue chumvi.

Kibanda kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao ambayo misumari yake ilishachana kaptula za kizazi kizima. Mbele kulikuwa na runinga moja, chini yake deki, na pembeni stuli ya mtafsiri. Umeme wa Kigoma siku hizo haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo nyuma ya mabati lilinguruma jenereta. Moshi wake uliingia ndani ukachanganyika na jasho letu na harufu ya dagaa ya wavuvi waliotoka Kibirizi moja kwa moja kuja kutazama picha.

Mtafsiri wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya mnadani. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini nani aliyemlipa kwa ajili ya Kiingereza? Tulimlipa atupe ukoo, nia na siri za kila aliyetokea kwenye kioo. "Hii ni nchi ya Papua," alitangaza picha ilipoanza. Mvuvi mmoja akauliza Papua ni wapi. "Ukishavuka Kongo unanyoosha, usikunje popote." Tukaridhika.

Kwenye benchi langu la kila siku nilimkuta mvulana nisiyemjua. Shati la kijani, kubwa kumzidi, viatu hana. Wiki zile boti zilikuwa zinaingia kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, usiku na mchana. Vita ilikuwa imewaka Uvira na kwingineko Kivu, na watu walishuka na magodoro, masufuria na kuku. Nikamwambia mwenzangu kwa sauti ya kutosha ili mgeni asikie: "Hiki kikimbizi kimekaa kwenye nafasi yangu." Wenzangu wakacheka. Yule mvulana akasogea, akaniachia robo ya benchi, hakusema kitu.

Filamu yenyewe nilikuja kuijua vizuri baadaye. Inaitwa Skullduggery, ilitoka mwaka 1970, imetengenezwa na Universal, mwongozaji Gordon Douglas, steringi Burt Reynolds. Kisa kiko Papua New Guinea ingawa msitu tuliouona ni wa Jamaika. Msafara wa Wazungu na wapagazi wao unaingia porini. Mama msomi, Susan Clark, anatafuta mabaki ya binadamu wa kale, na steringi na rafiki yake mnene wamejipenyeza humo wakisaka madini. Badala ya mifupa mikavu wanakutana na viumbe walio hai, wafupi, wenye manyoya mwilini na nyuso zinazofanana na zetu. Wanawaita Tropi. Sisi hatukushangaa sana. Kitabu chetu cha historia kilitueleza habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, na kilikuwa na ule mchoro wa nyani anayesimama hatua kwa hatua mpaka akawa mtu mwenye mkuki. Kwetu Tropi walikuwa tu wale wa katikati ya mchoro.

Mtafsiri aliwaita vijitu. "Ona kijitu kile, kinachungulia! Kingine hicho, kinajikuna!" Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Na kwa kweli mavazi yao yalichekesha. Niliirudia filamu hiyo nikiwa mtu mzima, na manyoya yale yanaonekana wazi kuwa ni nguo ya kuvaa, unatafuta tu zipu iko wapi.

Halafu picha ikabadilika. Anatokea tajiri ambaye akiwatazama Tropi anaona vibarua wasiodai chochote: unawazalisha, unawafundisha kazi, huwalipi. Hakuna sheria inayokuzuia, kwa sababu huwezi kumfanya mtumwa kiumbe ambaye si mtu. Mmoja wa Tropi wa kike, anayeitwa Topazia, anapata mimba, na mtoto wake anakufa. Hapo steringi anafanya jambo lililotuacha midomo wazi. Anasema ni yeye aliyemuua mtoto huyo, na anataka ashitakiwe. Kama Tropi ni wanyama, hakuna kesi. Kama ni watu, yeye ni muuaji, na tajiri hana tena vibarua wa bure. Shingo yake ndiyo mizani.

Kuna jambo la lugha hapa, na nisiseme uongo kwamba nililigundua siku ile. Nililikumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa na kalamu nyekundu mkononi. Mpaka pale kwenye mimba, mtafsiri alikuwa akisema "kijitu kimepata mimba." Topazia alipojifungua, akasema, "Jamani, amejifungua." Na mtoto alipokufa, sauti yake ikashuka: "Mtoto yule amekufa." Hakuna mtu aliyemwelekeza. Hakukuwa na hakimu wala profesa. Ki- iliondoka yenyewe mdomoni mwake, ikaja a-, na nina hakika hata yeye hakujua. Karibu yangu, mvulana wa shati la kijani alisema peke yake, polepole: "Kale katoto kamekufa." Kwao ng'ambo, ka- ni ya kubembeleza. Bibi yangu naye akisema Kiha humwita mtoto mchanga akana, na hakuna dharau ndani yake. Ni sisi wa Kiswahili cha shuleni tuliozoea kumpunguza mtu kwa ki-, kisha tukasahau kwamba tunampunguza.

Mahakama ikaanza. Majoho, makaratasi, wasomi wanabishana. Mtafsiri alikuwa anatoa jasho, kwa maana sasa watu wa kwenye picha walikuwa hawafanyi lolote zaidi ya kuongea. Ndipo jenereta likakohoa mara tatu, likazima.

Giza. Makelele. "Rudisha hela!" Mwenye kibanda akaenda kutikisa dumu la mafuta, akarudi mikono mitupu. Mtafsiri, ambaye angeweza kukimbia, alisimama juu ya stuli yake, magunia yakafunuliwa kidogo, mwanga wa saa kumi ukamwangukia usoni. "Tulieni! Kesi haijaisha. Mahakama ni nyinyi. Hawa ni watu, ama ni wanyama?"

Sijawahi kuhudhuria mjadala mkali kama ule, na nimehudhuria mingi yenye chai na posho. Mmoja akasema wanyama, mbona hawavai nguo. Akajibiwa, ana jina, mnyama haitwi Topazia. "Mbwa wangu anaitwa Simba," akasema mwingine, "mbona hamjamwita mahakamani?" Mzee mmoja wa nyuma, ambaye nadhani aliingia kukimbia jua tu, aliuliza: steringi atakubalije kunyongwa kwa ajili ya mnyama? Hiyo ilituchanganya. Sote tulijua steringi hafi.

Ikapigwa kura ya mikono. Wanyama walikuwa wengi. Mtafsiri akauliza nani anasema ni watu, na yule mvulana akasimama kabisa, kama shuleni. "Bale ni batu," alisema. Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Si kwa hoja yake, bali kwa ile ba. "Batu! Batu!" Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, maana nilitaka waliokuwa pale wajue mimi niko upande upi. Akakaa.

Mtafsiri alingoja kicheko kiishe. "Hakimu amesema hivi," akatangaza. "Walipwe mshahara. Mnyama halipwi. Kwisha! Tokeni nje, kuna wengine wanasubiri."

Nyumbani nilikula fimbo za chumvi. Jioni, hasira zilipopoa, bibi aliniuliza hicho nilichokiona kilikuwa na thamani gani kuliko mboga yake. Nikamsimulia tangu mwanzo. Bibi alizaliwa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Gombe kwa upande wa kaskazini, na sokwe kwake hakuwa mnyama wa kitabuni. Aliwahi kuniambia kwamba mvua ikinyesha sokwe hujikunyata kama mfiwa. Alinisikiliza huku akichambua dagaa, akitupa vichwa upande mmoja. Nilipomaliza hakuuliza kama Tropi ni watu. Aliuliza, "Na huyo aliyeleta swali hilo, alikuwa anataka nini kwao?"

Nilijibu kwamba alitaka vibarua. "Eeh," akasema, akaendelea na dagaa wake.

Nikiwa chuo, Dar es Salaam, niliokota kwenye vitabu vya mtumba pale Posta riwaya iliyozaa filamu ile, katika tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi wake ni Mfaransa Jean Bruller, aliyejiita Vercors, ambaye wakati Wajerumani wanaikalia Ufaransa alishiriki kuanzisha kwa siri nyumba ya uchapishaji ya Les Éditions de Minuit. Riwaya ilitoka mwaka 1952. Aliyeona serikali zikipanga watu kwa madaraja, huyu mtu, huyu nusu mtu, hakuwa na haja ya kwenda Papua kutafuta kisa. Kitabuni mambo ni makali kuliko kwenye filamu. Shujaa ni mwandishi wa habari, anamuua kweli mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe na Tropi wa kike, kisha anamwita daktari na polisi. Padri aliye kwenye msafara hapati usingizi kwa sababu hajui kama awabatize: akiwabatiza wanyama anakufuru, akiacha kuwabatiza watu anawapoteza. Na wenye mali wanataka Tropi wakafanye kazi katika viwanda vya sufu Australia.

Sasa sikiliza kinachofuata, maana hapo ndipo nilipocheka peke yangu ndani ya daladala. Wakubwa wa Uingereza wanaanza kuona umuhimu wa Tropi kuwa watu. Kwa nini? Kwa sababu vibarua wa bure Australia wangeviua viwanda vya nguo vya Uingereza. Kamati ya Bunge inakaa itafute maana ya mtu, ambayo hakuna sheria iliyowahi kuiandika, na mwishowe Tropi wanaingia kwenye jamii ya watu kwa sababu wanaonyesha dalili za kuuheshimu moto, chembe ya ibada. Mshitakiwa anaachiwa, kwa kuwa siku aliyoua, sheria ilikuwa haijaamua. Kijana wetu wa stuli, bila kusoma ukurasa hata mmoja, aliifikia sehemu muhimu ya hukumu: kulipwa au kutolipwa.

Kuna mambo mawili kuhusu filamu ile ambayo hakuna mtafsiri angeweza kuyaona kwenye kioo.

La kwanza ni aliyevaa manyoya ya Topazia. Anaitwa Pat Suzuki, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, mwimbaji aliyepata jina Broadway mwaka 1958. Alizaliwa California. Akiwa mtoto, baada ya amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, serikali ya nchi yake ilimpeleka yeye na familia yake katika kambi ya Amache, Colorado, pamoja na maelfu ya wengine. Waliozuiliwa katika kambi za namna hiyo nchi nzima walifika kama 120,000, wengi wao raia. Kosa lao lilikuwa sura na ukoo. Miaka 28 baada ya amri hiyo inatoka filamu ambamo amevalishwa manyoya, anasimamishwa mbele ya mahakama ya kuigiza, wasomi wanabishana kama yeye ni mtu. Sijui watu wa Hollywood walifikiri nini walipompa kazi ile. Mimi nikiirudia, humtazama yeye tu.

La pili halikuigizwa. Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani. Mmarekani Samuel Verner ndiye aliyemtoa Kongo, kwanza kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Kwenye banda palikuwa na bango lenye umri wake, kimo chake na uzito wake. Watu walijaa kwa maelfu. Meno yake yalikuwa yamechongwa, kama desturi ya kwao, na Wamarekani wakayasoma kama ushahidi wa ulaji watu. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji weusi wa jiji lile, na mmoja wao, James Gordon, akampokea katika kituo cha yatima alichokisimamia Brooklyn. Baadaye Ota Benga alihamia Lynchburg, Virginia, akafanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Machi 1916 alijipiga risasi. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi mwaka 2020.

Ulize swali la bibi hapo: walitaka nini kwake? Viingilio. Na wasomi walitaka mtu wa katikati ya mchoro.

Ningetaka kusema kwamba hayo ni ya Wazungu, nikafunga daftari. Nimekuwa mhariri wa gazeti kwa miaka kadhaa sasa, na kalamu hainiruhusu. Miaka ya 2007 na 2008, habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa zilipoanza kumiminika mezani, nilijifunza kwamba wauaji wana msamiati wao. Mtu anayewindwa aliitwa "dili." Nyuma ya neno hilo kulikuwa na msemo ambao wengi wetu tulikua tukiusikia, na hatukuuona una madhara: zeruzeru hafi, hupotea. Utafakari msemo huo kwa utulivu. Asiyekufa hawezi kuuawa. Asiyeweza kuuawa hana muuaji. Hii ndiyo kesi ya Burt Reynolds nzima, ila huku kwetu haikuhitaji majoho. Ilipitishwa barazani, kwa mdomo, na watu wema, miaka mingi kabla panga halijanolewa.

Siku hizi vijana wa chumba cha habari wananijua kwa uchokozi wangu wa ngeli. Mmoja aliniletea habari ya Waethiopia waliokamatwa ndani ya lori, kichwa chake kikisema polisi wamenasa "shehena ya wahamiaji haramu." Nikamuuliza shehena ni ya nini. Akasema ni neno la kawaida, magazeti yote yanaliandika. Ni kweli, yanaliandika, na hata letu limewahi. Nikafuta nikaandika "watu," nikaweka idadi. Mwingine ameniambia kwamba nahangaika na vijineno wakati nchi ina matatizo. Labda. Lakini kabla ya kukizoea kitendo, mdomo hufanya mazoezi, na mazoezi yake ni vijineno hivyo hivyo. Kiswahili kina huruma moja ambayo hatuisemi sana: mbuzi, sokwe, mgeni na mfalme wote tunasema amekuja, wamekuja. Ukitaka kumtoa kiumbe kwenye a- na wa- inabidi ufanye kazi ya ziada, uende kumletea ki- au shehena kutoka kwingine. Mtu anayefanya kazi ya ziada ana sababu.

Sokwe nao wamenifundisha kitu. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulamba mchwa waliong'ang'ania. Wakati huo ilikuwa inafundishwa kwamba kutengeneza vifaa ndiko kunakomtenga binadamu. Louis Leakey, mume wa yule Mary wa Olduvai, alipopata habari alijibu kwamba sasa ama tubadili maana ya kifaa, ama tubadili maana ya binadamu, ama tukubali sokwe ni watu. Wavuvi wa Kigoma wanasema sokwe mtu bila kuitisha kamati. Tofauti ya Goodall na tajiri wa kwenye filamu sioni kama iko kwenye elimu. Goodall alikaa miezi porini akingoja sokwe wamkubali, wala hakuwa na kiwanda cha kuwapeleka.

Filamu ile ni mbovu, niseme wazi. Inachekesha pasipotakiwa, wapagazi wake weusi hawapewi hata mstari mmoja wa maana, na waliotunga kisa cha kutetea utu wa Tropi hawakuona kwamba Wapapua wenyewe wamewafanya mapambo ya msitu. Ukiipata, itazame hivyo hivyo, na usiwaangalie Tropi peke yao, waangalie waliobeba mizigo.

Yule mvulana nilimwona mara moja zaidi, siku chache baada ya sinema. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara kuwapeleka watu kambini, Kasulu. Alikuwa juu ya mizigo, na shati lile la kijani, amempakata mtoto mdogo ambaye sidhani alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Alinitambua. Alinyoosha kidole kwangu akamwambia yule mdogo kitu ambacho sikukisikia kwa ngurumo za injini, na wote wawili wakacheka. Sikunyanyua mkono. Nimewahi kuuliza habari zake kwa watu waliofanya kazi huko, lakini ningemtajaje, kwa jina gani? Sikumuuliza.

Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ilifunguliwa Novemba 1996. Mpaka ninapoandika haya bado ina watu.